Tochi ya Kumulika Mwenye Kuishika

Tochi niliyoiunda mimi haikupendeza machoni. Ilikuwa ya bati, nene, na ukiitikisa ilicheza kama kopo lenye mbegu ndani. Nisingempa mtu ninayempenda. Lakini niliiunda kwa ajili ya mtu niliyemchukia, na kazi ya chuki ina uangalifu wake. Mpaka leo, na wajukuu ninao, sijawahi kufanya kazi nyingine kwa makini kama ile.

Wakati huo wa Emajensi, ile hali ya hatari ambayo wakoloni waliitangaza kupambana na Mau Mau, nilikuwa nimeolewa Majengo, Meru mjini. Mume wangu alikuwa fundi bati, mtoto wa mjini hasa: babake alikuja na wapagazi kutoka mbali, mamake alikuwa Mmeru aliyesilimu. Mimi nilitoka kwa wakulima, huko juu kwenye kahawa na migomba. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata bati na kulehemu. Tulitengeneza koroboi, karai na ndoo. Mikono yake ilikuwa na nguvu, yangu ilikuwa myepesi, kwa hiyo vitu vidogo vyote vilikuwa kazi yangu.

Mama yangu alikuwa mjane. Serikali ilipowakusanya watu wa kwetu katika kijiji kimoja kilichozungukwa na miti iliyochongwa ncha, aliondolewa shambani kwake akapewa kibanda karibu na lango. Mchana walipelekwa kuchimba handaki refu kando ya msitu. Usiku, wakiwa wamelala na uchovu wao, homugadi, wenyeji wenzetu waliopewa silaha na serikali, walikuja kukagua. Kukagua ni neno lao. Walichukua kuku, walichukua blanketi, walimchukua mtu waliyemtaka. Aliyewatangulia alikuwa na tochi, na hakuwahi kutoa sauti. Mlango ulisukumwa, mwanga ukakupiga machoni, nyuma ya mwanga kulikuwa na rungu.

Rungu hilo ndilo lililomuua kitinda mimba wa mama, mdogo wangu, ambaye jando lake lilikuwa halijatimiza hata mwaka. Alichelewa kuinuka. Yule mwenye tochi alimpiga kichwani, na kulipokucha kijana hakuamka. Kaka yake mama, mjomba wetu, aliyekaa kijiji hicho hicho, ndiye aliyechimba kaburi. Alilia kuliko sisi sote. Ilibidi wanaume wamshike.

Mama alikwenda kwa mkuu wa homugadi, jitu moja la koti la kijeshi na shingo ya fahali, akataka atajiwe aliyemuua mwanawe. Mkuu alimcheka mbele ya watu.

“Ulimwona nani, mama? Sema jina.”

Mama alisema aliona mwanga tu.

“Si ulimulikwa? Mtu akimulikwa haoni kitu. Basi hakuna mtu alikuja.”

Maneno hayo mama aliniletea siku ya soko, alipopata kibali cha kuja kuuza ndizi. Aliyasema bila machozi, nikalia mimi. Sikuwa na shaka kwamba mwuaji ni yule mkuu mwenyewe. Kila nilipopiga nyundo nilimwona chini yake. Lakini kwetu damu ya mtu haidaiwi kwa kukisia. Wazee wa baraza, hata wakikuonea huruma vipi, watakuuliza nani aliona, na asiyeona hana la kuapia. Nilijua Emajensi itaisha siku moja, wazee watakaa tena, na mama atahitaji neno moja tu mdomoni: nilimwona. Hilo ndilo nililolitaka, na nililitaka kuliko chakula.

Wanasema dua la kuku halimpati mwewe. Langu lilimpata. Siku moja yule mkuu aliingia kibandani kwetu na tochi iliyobondwa na jiwe kule handakini. Madukani tochi ziliisha, na hata betri zilikuwa hazipatikani bila kibali. Globu ilikuwa nzima, kioo kizima, na kile kikombe cha kung’aa kinachokaa nyuma ya globu kilikuwa kimebonyea kidogo tu. Alivitupa vyote mezani.

“Fundi, tengenezea hii kitu mwili mpya. Ni ya kazi ya serikali.”

“Bwana mkubwa, hatujawahi kuunda tochi,” mume wangu alisema.

“Sasa mtawahi.”

Nilimwona mume wangu akitafuta njia ya kukataa. Nikamtangulia: “Itakuwa tayari, bwana.”

Mwili wenyewe haukunisumbua. Nilichonga mti wa unene wa betri, nikauzungushia bati, nikalehemu mshono. Springi ya kusukuma betri niliitoa kwenye kiti cha baiskeli. Swichi ilikuwa kipande cha shaba kutoka kwenye kitasa kibovu. Mume wangu alipoona globu imewaka alidhani kazi imekwisha, na mimi ndipo kwanza nilikuwa naanza.

Nilikuwa nimefikiri sana juu ya tochi, pengine kuliko wanaoziuza. Nguvu yake si ule mwanga, ni giza analosimama ndani yake mwenye kuishika. Yeye anakuona mpaka meno, wewe humwoni hata kidole. Nikasema, giza hilo nitamnyang’anya. Nilitoboa kile kikombe cha kung’aa upande wa juu, nikakata mwanya kwenye kichwa cha tochi mahali pale pale, na chini ya mwanya nikalehemu ulimi mdogo wa bati niliousugua kwa majivu mpaka ukawa kama kioo. Ulimi niliulaza kurudi nyuma, ili mwanga kidogo uibiwe kutoka mbele na kutupwa usoni kwa mwenyewe.

Tuliijaribu mchana, katika chumba cha kuwekea makaa ambacho hakikuwa na dirisha. Mume wangu alishika tochi, mimi nikakaa juu ya debe. Mara ya kwanza mwanga ulimpiga kifuani. Nikaukunja ulimi. Ukampiga machoni, akapiga kelele kwamba haoni. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana huyo mwingine angegundua mara moja. Nikaongeza ukingo mwembamba wa kuyakinga macho yake. Sasa nikamwona mume wangu kuanzia kidevuni hadi mashavuni, na pua yake yote, kama mtu aliyeinamia moto wa jikoni. Nikamwuliza kama anasikia chochote usoni. Akasema hasikii kitu, anaona makaa tu.

Lilibaki jambo moja. Aliponimulika sawasawa machoni bado nilikuwa kipofu. Nikaisogeza globu nyuma kidogo ndani ya kikombe, mwanga wa mbele ukatawanyika, ukawa mpana na wa manjano kama wa betri zinazokaribia kufa. Hata hivyo ukiutazama wenyewe ulikushinda. Ilikubidi utazame juu yake.

Mkuu alipokuja kuichukua aliigeuzageuza, akaweka kidole kwenye mwanya.

“Hii matundu ni ya nini?”

“Ya kupumulia, bwana. Umewahi kuona koroboi isiyo na tundu? Taa ikikosa hewa inakufa.”

Aliwaza. Maisha yake yote, kama sisi sote, alikuwa ameishi na taa za moto, na taa za moto hupumua. “Ni kweli,” alisema. “Ile ya duka ilikuwa inakufa-kufa.” Akaenda zake akiwa ameridhika, nami nikamwinamia kwa heshima zote.

Mume wangu hakugusa chakula siku hiyo. “Umetuchimbia kaburi la bati, mke wangu.”

“Kaburi nimechimba,” nikamwambia, “lakini si letu.”

Siku ya soko nilimweka mama mbele yangu nikamfundisha. Usitazame taa, tazama juu yake, mahali penye mdomo wa mtu. Aliyarudia maneno yangu polepole, kama mtu anayefundishwa njia ya nyumba asiyoijua. Kisha nikangoja, na kungoja huko kulikuwa kutamu. Nililala nikiona ile shingo ya fahali imesimamishwa mbele ya wazee.

Aliporudi soko lililofuata aliomba chai. Alikunywa yote kabla sijapata la kusema.

“Walikuja?”

“Walikuja.”

“Ulimwona?”

Alitazama kikombe chake. “Sikumwona mtu.”

“Tochi iliwaka?”

“Iliwaka vizuri. Una mikono mizuri, mwanangu.”

Nilitupa nyundo ikagonga ukuta. Nilimwambia ni mwoga, nilimwambia amemuuza mwanawe kwa usingizi wake, nilimwambia mengine ambayo mtoto hamwambii mama. Aliinuka, akajitwisha kikapu chake cha ndizi akaondoka. Nilimkasirikia yeye sasa kuliko yule mkuu, maana mkuu alikuwa adui na adui hana deni la kuniridhisha.

Masika yalipopita nilipata kibali cha kwenda kumwona. Nilikuta jirani yake, mama mwenzake wa kibanda cha pili, ameketi jikoni. Si muda akaingia mjomba. Mama alikuwa amepika uji wa mtama. Kwetu mtu akikupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe, ili moyo wako utulie kwamba hakuna sumu. Ni jambo la kila siku, hata hulioni. Mama alimimina uji katika kibuyu, akaonja, akampa jirani. Akamimina mwingine, akaonja, akanipa mimi. Akamimina wa tatu. Huo hakuuonja. Aliushika kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akamnyooshea kaka yake, akimtazama juu kidogo ya kibuyu, pale penye mdomo.

Mjomba hakuupokea mara moja. “Dada, umesahau kuonja.”

“Sijasahau.”

Jirani aliinamisha kichwa. Naye alikuwa amemulikwa, naye alikuwa ameona. Jasho lilimtoka mjomba pembeni mwa pua. Angekataa, angetakiwa kusema kwa nini mtu anakataa uji wa dada yake wa tumbo moja. Akanywa. Alikunywa mpaka mwisho, na kila funda lilishuka kama jiwe.

Nilimfuata mama nje nikamshika mkono. “Ni yeye?”

Akaniambia yote. Mjomba alikuwa ameshtakiwa kwamba amewapa chakula watu wa msituni. Ili asipelekwe kizuizini alikubali kuwaongoza homugadi, kwa sababu alizijua nyumba zote. Mkuu alimkabidhi yeye tochi. Ndiyo maana mwenye tochi hakuwahi kusema neno: sauti yake tungeijua.

Nilitaka panga. Mama alinishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

“Mjomba hashtakiwi na watoto wa dada yake. Akikulaani, laana itawafuata wanao. Wewe kaa kimya.” Kisha akasema, “Lakini mimi ni dada yake. Mimi naruhusiwa kumlisha.”

Na alimlisha. Kila alipopika kitu alimwita, mbele ya watu, kwa sauti ya mapenzi. Uji, mahindi na maharagwe, ndizi za kuponda. Hakuonja hata mara moja. Na hakutia kitu. Nalijua hilo kwa kuwa nilikula chungu kimoja naye. Mjomba hakulijua. Alikwenda kwa waganga, alikunywa dawa za kutapisha mpaka macho yakaingia ndani. Nguo zilianza kumvaa yeye badala ya yeye kuzivaa. Nilipokuwa nakwenda huko nilimtazama akila, na nasema wazi kwamba nilifurahi. Wanaonihubiria msamaha hawakumwosha mdogo wangu kichwa.

Yule mkuu alizeeka vizuri na akafa kitandani mwake. Hilo linaniuma hadi sasa.

Emajensi ilipoisha, vijiji vikavunjwa, wazee wakakaa tena kusikiliza madai ya watu. Kwetu damu ikidaiwa hulipwa kwa mifugo, kondoo wa utakaso huchinjwa, kisha pande zote mbili hula pamoja na neno likazikwa. Mama aliitwa. Mjomba alikuwa pale, ameegemea fimbo kama mzee, ingawa alikuwa mdogo kwa mama. Nilimtazama usoni nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Hakuwa anaogopa kutajwa. Alikuwa anaomba atajwe. Alimkodolea mama macho kama mgonjwa anayeitazama dawa, kwa maana akitajwa atalipa, akilipa atatakaswa, akitakaswa atakula chakula kilichoonjwa.

Mzee mmoja akauliza, “Mama, usiku ule mwanao alipopigwa, ulimwona nani?”

Mama alisimama, akajifunga kanga vizuri.

“Sikumwona mtu,” alisema. Kisha akamgeukia kaka yake, kwa upole ule ule. “Usiende mbali, ndugu yangu. Nimekuwekea uji.”