Siku Tuliyomkataza Jirani Kuchinja

Mwaka ule redio ilipotangaza kwamba polisi wa Nairobi wanamhoji shehe mmoja mgeni kuhusu ugaidi, Kitale nzima iligeuka ya wapelelezi. Kufikia saa nne asubuhi, wauza mahindi sokoni walikuwa wameshajua mabomu yamefichwa wapi. Hakuna aliyewahi kumwona huyo shehe, lakini hilo halikumzuia mtu.

Kwa bahati mbaya, tulikuwa na Mwislamu wetu wa karibu. Jirani yetu, mzee wa kofia na ndevu nyeupe, ndiye aliyechinja kila ng'ombe wa sherehe mtaani tangu nikiwa mdogo. Sisi Wakristo tulimwita kwa sababu moja: akichinja yeye, kila mgeni atakula. Alichotaka ni kipande cha ini na chai.

Wiki hiyo wakwe kutoka Kanduyi walikuwa wanakuja kumposa dada yangu. Baba akaitisha kikao.

"Mimi sina shida na yeye," alisema, kama wasemavyo watu wenye shida. "Lakini ndevu ile, kisu kile, na haya tunayoyasikia?"

"Samaki mmoja akioza, si wote wameoza?" akadakia mjomba wangu, mzee wa kanisa. "Nitachinja mimi, bana. Kwani ng'ombe anauliza dini?"

Hekima hiyo ilipigiwa makofi. Mimi, mwalimu mwenye hotuba nyingi kuhusu haki, nikatumwa kwa jirani. Nilimdanganya kwamba mwaka huu hakuna ng'ombe, tutapika kuku tu.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Hata kuku huchinjwa." Nilijifanya sikusikia.

Wakwe walifika, na shangazi watatu wa bwana harusi wakaketi mbele, wamejitanda mitandio. Katika kikao chetu chenye upelelezi wote ule, hakuna aliyekumbuka kuuliza wakwe ni wa dini gani. Nyama ilipoletwa, shangazi mkubwa akauliza kwa upole, kwa lafudhi ya kwao, "Ati huyu ng'ombe arichinjwa na nani?"

Mjomba aliangalia viatu vyake. Shangazi wakasukuma sahani, wakaomba soda. Kwetu, mkwe asiyekula hajakubali. Dada yangu alikuwa chumbani akilia, na baba, bila aibu yoyote, akaniambia nikimbie kwa jirani.

Nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa kanzu safi, kisu kimefungwa kwenye gazeti. Nilianza kuomba radhi. Aliinuka tu.

"Twende," akasema. "Kuku wako wako wapi?"

Alichinja kuku wanne. Shangazi walikula, wakacheka, dada yangu akaposwa. Mama alimwekea mzee maini ya kuku na chai. Akasema ameshiba, akafuta kisu chake, akaenda.

Ametuchinjia mara nyingi tangu hapo, kila tulipomwita. Kwetu hajala tena.