Saruji ya Mifupa Ndani ya Damu

Kwa miaka sita Tellervo Rantala, fundi wa maabara mjini Turku, alikoroga saruji ya kuziba mifupa iliyovunjika, ya aina ambayo mwili hauikatai. Ilipobaki wiki moja ijaribiwe kwa kondoo, wenzake walipongezana. Yeye kila alipoketi aliinuka. Walikuwa wameipima ndani ya maji ya chumvi tu, na mfupa uliovunjika hautoi maji, unatoa damu.

Jumamosi alifungua friji ya dada yake Hilkka, akatoa kopo la damu ya ng'ombe, ambayo kwao huchanganywa na unga wa chapati.

"We! Hiyo ni ya chapati zangu!"

"Kikombe kimoja tu, dada."

"Mifupa yako mizima. Kichwa ndicho sijui."

Aliipasha damu mpaka joto la mwili, akatia saruji, akazunguka meza dakika kumi. Alipoigusa, ilimeguka kama uji uliopoa.

Jumatatu alimweleza mkuu wake, Profesa Lindqvist.

"Tellervo, damu ya jikoni si kipimo."

"Basi leta iliyo kipimo, turudie."

Walirudia kwa damu ya kondoo, na saruji ikameguka vilevile. Jaribio likaahirishwa miezi minane, na baadhi ya wenzake wakaacha kumsalimia.

Mchanganyiko wa kumi na moja ulishika, ukawa mgumu hata ndani ya damu. Maabara nzima ikapiga makofi. Tellervo naye alipiga, lakini mawazo yake yalikuwa yameshahamia kwenye mifupa ya wazee, iliyo dhaifu kuliko ya kondoo.