Mtoto Tuliyemwacha Meru

Tulifika Nchiru, Meru, nchini Kenya, mwezi wa Julai, mimi na mume wangu, na mvua ya huko haikuwa mvua niliyoijua. Kwetu Unguja mvua hushuka kwa kishindo, ikamaliza, jua likatoka. Hii ilikuwa manyunyu yaliyoanza alfajiri na kukaa hewani mpaka mchana, hayanyeshi wala hayaachi. Nguo nilizofua Jumatatu zilikuwa bado mbichi Alhamisi. Nilizianua, nikazinusa, nikazifua tena.

Mume wangu alikuwa amepata kazi ya kufundisha katika chuo kikuu cha pale, mkataba wa miaka minne, na siku tatu za kila wiki alikwenda Embu kufundisha wanafunzi wengine. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi. Huku sikuwa na kibali cha kazi. Nilikuwa mke wa mwalimu mgeni, basi, mwanamke aliyevaa soksi mbili mbili na sweta la mumewe juu ya kanga.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mawe, nyuma ya hosteli za wanafunzi, na ua wake ulipakana na shamba la mama mmoja mjane. Alikuwa na ng'ombe mmoja, migomba, na miti michache ya kokwa za makademia. Watu walimwita shosho, yaani bibi, ingawa hakuwa mzee hivyo. Alibeba mzigo mzima wa majani ya ng'ombe mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na bado akaweza kusimama njiani kuzungumza.

Alipokuja kutusalimia mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo." Akacheka, si kwa ubaya.

"Hiyo ni ya watoto wa shule," akasema, akanishika mkono na kuutikisa kwa nguvu, kisha hakuuachia upesi.

Nilimkaribisha chai. Niliipika kama inavyopikwa kwetu mgeni akija, chai ya rangi yenye mdalasini, iliki na mchaichai niliokuja nao kwenye mfuko. Aliitazama ndani ya kikombe, akainywa yote, akaaga. Kesho yake asubuhi nilikuta chupa ya maziwa mlangoni. Keshokutwa, nyingine. Siku ya tano nikamvizia, nikamuuliza.

"Niliona hamna maziwa," akaniambia kwa sauti ya chini, huku akitazama upande wa hosteli. "Na bwana yako ni mwalimu mkubwa. Sikutaka watu wajue."

Nilimweleza kwamba kwetu chai ya mgeni ndiyo hiyo, kwamba hatukuwa na shida. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, na maziwa yakaendelea kuja.

Nilikuwa nimejipa moyo kwamba, hata kama kila kitu kitakuwa kigeni, lugha itanisaidia. Nilikuwa ninakwenda nchi ya jirani, watu wanasema Kiswahili. Lakini nyumbani na shambani watu wa Nchiru walisema Kimeru, na Kiswahili kwao kilikuwa cha darasani na cha sokoni. Nikifungua kinywa dukani, mazungumzo yalinyamaza. Mwenye duka mmoja aliniambia, "Mama, ongea pole pole, hiyo yako ni ya redio." Nilirudi nyumbani bila kununua chumvi niliyoifuata. Jumapili mtaa wote ulikwenda kanisani kwa nguo zilizopigwa pasi, na mimi nilibaki peke yangu na ng'ombe wa shosho, tukitazamana kupitia ua. Ijumaa mume wangu alikwenda kusali mjini Meru. Adhana sikuisikia tena isipokuwa ile ya kwenye simu.

Shosho peke yake ndiye aliyekuja bila kusubiri kuitwa. Alizitazama ndara zangu akasema, "Hii viatu haiwezi hapa," akaniletea gambuti, viatu virefu vya mpira, za binti yake aliyeolewa. Miezi ya kwanza ualimu wangu ulikuwa unamsahihisha kimoyomoyo kila sentensi. Sikumbuki ni lini niliacha.

Mwaka wa pili nikapata mimba. Mama yangu alianza kunitumia ujumbe wa sauti kila siku: "Mwanangu, njoo ujifungulie nyumbani. Huko ni baridi, usimlee mtoto mchanga kwenye barafu." Nilimwambia si barafu, ni baridi tu. Mume wangu hakunikataza kwenda, ila alisema angependa kumwona mtoto wake siku ileile anapozaliwa, na mimi nilipenda kwamba anapenda hivyo. Nikakaa. Uamuzi ulikuwa wangu, ndiyo maana siwezi kuusukuma kwa mtu mwingine.

Alizaliwa mwezi wa Mei, mtoto wa kiume. Wanawake wa kanisa la shosho walikuja na uji mzito wa wimbi, ndizi, na vitambaa vya sufu walivyofuma wenyewe, wakajaza sebule na kuimba. Kila mmoja alimpakata. Mimi nilikaa kwenye kochi nikitazama mwanangu akipita mikono kumi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuhisi kuwa mgeni.

Asubuhi jua lilifika mapema kwenye kibaraza cha shosho kuliko kwangu. Kila siku saa nne alikuja kumchukua, akakaa naye pale kwenye kigoda, miguu ya mtoto ikiwa nje ya shali. Alimjua. Aliniambia, "Huyu masikio ni ya bwana yako, lakini hasira ni yako." Aligundua kwamba ng'ombe akilia mtoto hupiga chafya, na akawa anasubiri ng'ombe alie ili anionyeshe. Mara nyingi ilikuwa kweli.

Aliishi wiki tisa.

Julai ilirudi na manyunyu yake. Mtoto alipata kikohozi kidogo, tukampeleka zahanati, tukapewa dawa, akaonekana amepata nafuu. Jumatano mume wangu akaenda Embu. Alhamisi asubuhi mtoto alikataa titi. Nilimfungua nguo nikaona ngozi ikiingia ndani katikati ya mbavu kila alipovuta pumzi. Nilisimama uani nikamwita shosho. Alikuja mikono yake ikiwa bado na maziwa ya kukamua, akamtazama mara moja, akakimbilia barabarani na kusimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitalini walimwekea oksijeni, wakamtafuta mshipa. Shosho alisimama ukutani akisali kwa Kimeru. Mimi nilisoma sura nilizoweza kusoma. Saa nane mchana mtoto wangu akafariki.

Daktari alisema ni nimonia, na kwamba watoto wadogo namna ile huenda haraka.

"Ni baridi ya huku?" nilimuuliza.

"Mama, hii ingeweza kumpata popote."

Alisema kwa upole. Sikumwamini, na mpaka leo kuna siku simwamini.

Mume wangu alifika kutoka Embu jioni, uso umemvimba. Tulipangiwa mazishi asubuhi iliyofuata, kwenye makaburi ya Waislamu mjini. Tulipokuwa tumekaa sebuleni, shosho alimgeukia.

"Mwalimu, mtazika wapi?"

Akamwambia.

"Pale mjini? Kwa watu wengi?" Akaelekeza kidole dirishani. "Mimi niko na shamba. Pale chini ya makademia, pale pembeni. Bwana yangu amelala hapo. Mtoto hawezi kukosa mtu wa kukaa na yeye."

Nilikuwa nimekaa pale muda wa kutosha kujua alichokuwa anatoa. Niliwahi kuona ndugu wakikosana maisha kwa ajili ya mpaka wa upana wa jembe. Na huyu alikuwa anatukatia ardhi yake, sisi watu wa kupita, ili tuwe na mahali. Mume wangu, aliyekuwa amejizuia mbele yetu, akalia. Kisha akamshukuru, akakataa. Alimweleza kwamba mtoto ni Mwislamu, atalala na Waislamu wenzake, na kwamba siku moja watoto wa shosho huenda wakataka kuuza shamba. Alisema kweli. Nami nilitaka aseme ndiyo, lakini sikufungua mdomo.

Asubuhi wanaume walimchukua. Kwetu wanawake hatufuatani na jeneza. Tunakaa nyumbani tukisoma Qurani. Shosho alikuwa amekuja amevaa gauni la kanisani na kitambaa kichwani, tayari kwa safari, na alipoona gari linaondoka na mimi nimebaki mkekani hakuelewa.

"Wewe huendi?"

"Kwetu wanawake hawaendi, shosho."

"Wewe ndio umezaa." Aliyasema hayo taratibu, kama anayenikumbusha kitu nilichokisahau. "Utajuaje mahali amelala?"

Aliketi kandokando yangu, miguu ameinyoosha, akakaa mpaka wanaume waliporudi.

Wiki tatu nilizunguka na swali lake. Nilimtumia mama ujumbe kumuuliza kama naweza kwenda kuzuru kaburi. Akanijibu, "Mwanangu, muombee ukiwa nyumbani, yule ni ndege wa peponi, hahitaji machozi yako." Sikumwambia mume wangu. Siku moja alipokuwa Embu nilivaa baibui langu, nikapita kwa shosho, na bila kuuliza tunakwenda wapi akafunga mlango wa zizi tukaondoka.

Makaburi ya watoto yalikuwa upande wa chini. Yalikuwa mengi, ya udongo mwekundu, madogo, yamefanana. Nilisimama nisijue. Shosho ndiye aliyemtafuta mlinzi, akamweleza kwa Kimeru, akamtajia siku. Mlinzi alihesabu safu kwa kidole, akasimama kwenye moja. "Ni huyu," akasema, kisha akatupisha. Nilipiga magoti kwenye tope. Shosho alisimama nyuma yangu, ameshika mkoba wangu kwa mikono miwili, na hakuniambia ninyamaze.

Baada ya hapo hatukuwa sawa, mimi na mume wangu. Yeye alifundisha, alisahihisha mitihani, alilala ameelekea ukutani. Mimi nilihesabu vitu vilivyoua mtoto: dirisha nililofungua, dirisha nililofunga, siku niliyomwogesha mchana. Mwishowe alisema, "Nenda nyumbani upumzike," na nikaenda.

Kwenye uwanja wa ndege wa Unguja joto lilinipokea kama shuka lililotoka juani, na nilidhani nitapona hapohapo. Nilikaa miezi mitatu. Mama alinipikia, dada zangu walinisuka, majirani walikuja kunipa pole. Wote walisema maneno mazuri kuhusu watoto wanaokufa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema neno kuhusu huyu. Walikuwa wamemwona kwenye simu, amelala, kofia imefunika masikio. Siku moja mezani nilisema kwamba alikuwa akipiga chafya ng'ombe akilia. Dada yangu alitabasamu, akaniongezea wali. Hakuwa na la kuongeza. Nilielewa, nikiwa na kijiko mkononi, kwamba watu wote waliomjua mwanangu walikuwa Nchiru, mahali ambapo nilikuwa nimetamani kuondoka tangu siku ya kwanza.

Nikarudi. Mama hakunielewa, na sikuweza kumfafanulia bila kumuumiza.

Shosho alinikuta nafungua mlango. Alinishika mkono na hakuuachia. Kisha akaniambia alikuwa amekwenda makaburini mara mbili, siku za soko, kwa sababu alijua hakuna mwingine wa kwenda.

Tulimaliza mkataba. Sisemi kwamba niliizoea Meru. Baridi ile sikuizoea, na kila Julai mwili wangu uliikumbuka kabla ya akili. Lakini nilijifunza kusema Kimeru cha kutosha kumpa mtu pole na kuuliza habari ya ng'ombe. Mume wangu akaanza kwenda nami makaburini, Ijumaa moja moja baada ya sala. Alisimama mbali kidogo, kisha karibu. Siku moja, kwenye gari tukirudi, aliniambia kwamba alijuta kutokukubali lile shamba. Nikamwambia nilijua. Hatukulizungumza tena.

Mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Tulifunga mizigo kwa siku mbili. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotaka iwe. Vitu vyetu vyote vya miaka minne viliingia kwenye masanduku manne. Asubuhi ya kuondoka shosho alituletea makademia yaliyokaangwa. Hakulia, na mimi nilijizuia kwa sababu yake.

"Huyo wetu usijali," akasema. "Mimi nitakuwa nikienda."

Sasa ni mwaka wa pili tangu turudi Unguja. Nafundisha tena skuli ileile. Hatujapata mtoto mwingine. Mjukuu wa shosho alimfundisha kurekodi ujumbe wa sauti, na mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi miwili maana goti linamsumbua, simu yangu inalia. Huwa ninatoka darasani, nasimama chini ya ukingo wa paa, jua likiwaka uwanjani, nasikiliza.

Wa mwisho ulikuja wiki iliyopita. Kwanza zilisikika pumzi zake, amechoka na mlima, na magari kwa mbali. "Mama," akasema, "nimetoka huko sasa hivi. Nyasi wamekata. Mvua imenyesha kidogo. Nimekaa na yeye." Kikasikika kishindo cha gari likipita. "Mtoto ako sawa," akasema.

Nikamrekodia asante. Nikarudi darasani.