Posa Iliyokwama kwenye Firigisi

Mimi nusura nikose mume kwa ajili ya firigisi ya kuku. Cheka tu, lakini siku zile nililia juu ya cherehani mpaka kitambaa cha mteja kikalowa.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nashona nguo mtaa wa Turffontein, nikikaa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenitangulia kutoka Kigoma na kunitunza Johannesburg kama baba. Nilikuwa nimeshavuka miaka thelathini na tano. Kina mama wa kanisani walishaacha kuniombea mume, wakawa wananiombea afya. Ndipo nikampata wangu: Mrundi, mlinzi wa geti kule mtaa wa Observatory, mpole, mtu anayejua kusikiliza. Nilimpenda, sifichi.

Akaleta posa. Alikuja na baba yake mkubwa, mzee mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, kofia kichwani, fimbo mkononi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa. Nikapika kuku mzima kwa mikono yangu. Firigisi nikaiweka kwenye sahani ya mjomba, maana kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto anajua. Kumbe katika ukoo wao ni ya mgeni mkuu, na ukimnyima ni kama umemwonyesha mlango. Mzee akapekua mchuzi kwa kijiko, akapekua tena, halafu akamwona mjomba anatafuna. Akanawa mikono, akashukuru kwa adabu zote, akaondoka. Mahari haikutajwa kabisa.

Kesho yake moto ukawaka. Mjomba akasema hawezi kumpa mtu mwingine firigisi ndani ya nyumba anayoilipia kodi, thubutu! Baba mkubwa akatuma neno kwamba Turffontein hakanyagi tena, labda awe anakwenda kutazama mbio za farasi kwenye uwanja wa huko. Mchumba wangu akanipigia simu.

"Tusubiri kidogo, wapoe."

"Mpaka wapoe wao, mimi nitakuwa nimezeeka!" nikamjibu, nikakata simu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapo nilikuwa mimi.

Nikakaa nikafikiri. Nilitaka mahali ambapo hakuna mwenye nyumba wala mgeni, na ambapo kuku hana viungo vya kugombaniwa. Nikaikumbuka hoteli ndogo ya mama mmoja wa Kithai, jirani na duka ninaponunua zipu na nyuzi. Anapika kitu kimoja tu, wali kwa kuku. Kuku anachemshwa mzima, taratibu, anatundikwa nyuma ya kioo, kisha anatolewa mifupa, anakatwa vipande vyembamba na kulazwa juu ya wali. Humo huoni paja wala kidari wala shingo. Nani atagombana na nani?

Nikawaita wazee wote wawili, kila mmoja nikimwambia kuwa mwenzake ndiye aliyeomba wakutane. Uongo mtupu, Mungu anajua.

Jumamosi mchana, baridi ya Julai inakata masikio, nikatangulia mimi. Nikamwambia mama wa Kithai kwa Kiingereza changu cha sokoni, "Leo nawaleta wazee wangu. Ni watu wakubwa sana." Akatikisa kichwa kukubali, akaifuta meza, akarudi akaifuta tena.

Wakafika, wakakalishwa kwenye vistuli vya plastiki, magoti juu, kila mmoja akitazama upande wake. Mchumba wangu akakaa katikati yao, hana raha. Sahani zikaja.

"Mbona kuku mweupe hivi?" akauliza mjomba. "Kuna mgonjwa hapa?"

"Na mifupa?" akasema baba mkubwa. "Mifupa iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza wakawa wamekubaliana jambo.

Lakini ule wali, jamani! Umepikwa kwa supu ya kuku yule yule na mafuta yake, kitunguu saumu, tangawizi, kila punje inang'aa. Pembeni kuna matango, kuna sosi ya maharage yaliyochachushwa, pilipili yake inapanda mpaka puani, na kibakuli cha supu ya moto ya kutelemshia. Mjomba, ambaye siku zote anasema mwanamume hashibi wali, akaivuta sahani karibu. Baba mkubwa akavua kofia. Mara nikasikia wanaulizana habari za mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, maana ziwa ni lao na ni letu. Mchumba wangu akanikonyeza. Moyo wangu ukaanza kukaa mahali pake.

Hapo mama wa Kithai akatoka jikoni anatabasamu. Kwa kuwa nilimwambia ni watu wakubwa, alikuwa amewaandalia zawadi: bakuli la firigisi. Firigisi tupu, limejaa pomoni, linafuka mvuke! Akaliweka katikati ya meza, akainama, akarudi zake.

Nikasema moyoni, nimekwisha.

Mjomba akakohoa. "Karibu, mgeni ndiye aanze."

"Ah, non. Mwenye binti ndiye mkubwa. Anza wewe."

"Hapana, umenizidi umri."

"Umri si kitu. Anza!"

"Sianzi!"

"Na mimi sianzi!"

Sauti zikapanda, watu wa meza nyingine wakageuka. Juzi waligombea kula, leo wanagombea kutokula! Mimi nikachoka. Nikapeleka mkono kwenye bakuli, nikachukua firigisi moja, nikaitia mdomoni.

Kwetu mwanamke hali firigisi. Sikuwa nimewahi kuionja hata siku moja. Wakanitazama ninavyotafuna, nami nikatafuna polepole, maana ile haina haraka. Mchumba wangu akauficha uso kwenye supu.

"Ikoje?" akauliza baba mkubwa.

"Ngumu," nikasema. "Ngumu kama ninyi wawili. Na kwa hii ndiyo mlitaka nisiolewe?"

Mjomba akashika kichwa. Baba mkubwa akanikazia macho, nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, akacheka mpaka akapaliwa. Akampiga mjomba mgongoni.

"Mkwe, kijana wangu amekwisha!"

"Mimi mwenyewe alishanimaliza zamani," mjomba akasema, naye akicheka.

Wakatia mikono bakulini pamoja. Mahari ikazungumzwa pale pale, midomo imejaa, mpaka bakuli likabaki jeupe. Baba mkubwa akainua fimbo kumwita mama wa Kithai, akamwagiza bakuli jingine. Mama akauliza, ni la wazee tena?

"Hapana," akasema, akininyooshea kidole. "Hili ni la bibi harusi."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo. Nikalila lote peke yangu, machozi yananitoka, na sikumpa mtu hata moja.