Mume wangu ana pasi ya Uingereza, na Uingereza wamemrudisha

Admin, jina langu baki nalo wewe tafadhali, mawifi zangu wote wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka 24, niko Stockholm, nina binti anayeanza kutembea. Shule sikufika mbali, nikikosea mnivumilie. Mume wangu ni Mhindi wa Nairobi, amenizidi umri sana ila mpole, mtoto anamlilia yeye kuliko mimi. Tulipojuana alinionyesha pasi yake. "Mimi Mwingereza, mpenzi. Twende London, binamu yangu ana duka, kazi ipo." Na kweli huku Sweden alikuwa anaingia bila viza. Nikaamini.

Mlioko huku mnajua foleni ya kupangishiwa nyumba, ni miaka. Mimi nilikuwa na yangu hapa Stockholm, mtaa wa Hallonbergen, mkataba kwa jina langu. Nikairudisha. Vitanda na kochi nikagawa.

Tulipofika London afisa akaigeuzageuza ile pasi, akamuuliza amekuja kufanya nini. Akasema kuishi na kufanya kazi. Afisa akamwambia taratibu, "Hii ni ya raia wa Uingereza wa ng'ambo, si raia kamili. Kutembea sawa. Kuishi na kufanya kazi unahitaji viza kama mgeni yeyote." Nikamgeukia mume wangu nikijua ataruka juu. Akainamisha macho. Alikuwa anajua!

Kwenye ndege ya kuturudisha Stockholm nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akasema, "Pasi hii nimeipata kwa baba. Kenya naishi kwa kibali tu, si raia, na Uingereza hawanitaki. Nilitaka ujue umeolewa na mtu mwenye kwao." Nililia, kisha nikamfuta na yeye machozi.

Dada yangu anayekaa Hagsätra, hapahapa Stockholm, alitufungulia mlango akicheka, "Karibu shemeji! Mwingereza gani anafukuzwa kwao?" Halafu akanivuta jikoni. "Chumba ni chako na mtoto tu. Yeye siku zake za kukaa Sweden bila viza zikiisha arudi Nairobi, aombe kibali cha kuishi na wewe akiwa huko."

Mume wangu hataki. Anasema akitoka harudi tena, bora ajifiche kwa rafiki yake mtaa wa Spånga, mimi na mtoto tumfuate.

Siku zake zinaisha wiki hii. Bado nampenda, na naamini iko siku tutakaa nyumba moja. Ila sitaki binti yangu akue ananyamazishwa kila mlango ukigongwa. Na nikimwambia aende, wakimnyima je?

Mama zangu, dada zangu, mliopita njia hii ya vibali, nisemesheni. Anangoja jibu langu. Nimwambie aende, au nibebe mtoto nimfuate Spånga?