Figo na Chujio la Chai

Alikuja kibandani kwangu Buzuruga saa nane mchana, muda ambao mabenchi hukaa bure, akaniamkia shikamoo mara mbili kabla ya kuomba nafasi ya kusomea. Alikuwa mwenyekiti wa kundi la kujisomea la wanachuo wa uganga. Sapu ya figo, yaani mtihani wa marudio, ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Akianguka tena, chuo basi, anarudi kwao Sengerema. Tukapatana: wakae, ila anayekaa anywe chai. Kalamu alichomeka sikioni, na kila siku aliitafuta mfukoni. Mwenyewe hakufundisha. Aliwasimamisha wenzake mmoja mmoja, akashika chujio langu la chai kama ndiyo figo, na mtu akimaliza alinigeukia kwa sauti nene ya daktari bingwa: “Mama Bushra, umeelewa?” Aliamini nikielewa mimi, msahihishaji hana ujanja. “Bado, mwanangu,” nilijibu, nikasogeza chapati, wakaanza upya.

Wiki mbili nzima sikuelewa. Halafu mmoja wao, Odongo, akasema mkojo unatengenezwa kwenye kibofu, nikaropoka: “Kibofu kinatunza tu, wewe! Figo ndiyo inayochuja!” Mwenyekiti akashusha chujio taratibu. “Mama, umeelewa tangu lini?” “Tangu siku ya kwanza.” Akatazama vikombe vilivyojaa mezani, akatazama wenzake, ambao sasa figo walikuwa wanaijua hata usingizini. “Basi usielewe mpaka tufanye mtihani,” akasema.

Alifaulu, na chujio langu akaondoka nalo. Nimenunua jingine. Kundi jipya linasoma moyo, na nimeshawaambia mimi moyo siujui kabisa.