Fimbo Niliyoitia Namba

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, wiki yangu ya pili ya mazoezi ya kazi kwenye makumbusho hapa Dodoma. Nilihitaji barua yao ya kunipendekeza ili nipokewe chuo cha uhifadhi. Siku hizo watu walikuwa wakituletea vitu vya wazee wao waliofariki, basi nilipokuta fimbo nyeusi imeegemezwa mlangoni, sikuuliza. Mimi naona aibu hata kuuliza choo kiko wapi! Nikaifuta vumbi, nikaiandika namba kwa wino, nikaiweka kwenye kabati la kioo na maelezo: “Fimbo ya marehemu mzee wa Kigogo.”

Saa sita mzee mmoja akatoka ofisini kwa mkuu wetu akipapasa ukuta. Akasimama kwenye kabati, akasoma polepole.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mmenizika lini?”

Mkuu, aliyekuwa nyuma yake, alicheka, kisha akautambua mwandiko wangu, akanikazia macho. Nikamtolea mzee fimbo yake, akaikataa.

“Ya marehemu siiegemei.”

Akaondoka vilevile, ameshika ukuta. Mkuu akaniambia, “Barua usahau, binti.”

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kizota kwa seremala kuagiza fimbo nyingine. Akaniuliza ni ya nani. Hata jina yule mzee sikuwa nimemwuliza.